Re: Nimebandika piezo kwenye bamba, nimeweka rezista, mbona bado linatetemeka?

Mkuu, umesema unataka kuzima mtetemo, ukabandika kipande cha piezo (kauri inayotoa umeme ikivutwa au kubanwa) katikati ya bamba la alumini lililobanwa upande mmoja, ukaunga rezista ya kilo-omu 1, na ukiligonga linalia vilevile. Pole. Nami nilihangaika hivyo karibu miezi miwili nikiilaumu saketi, kumbe tatizo lilikuwa kwenye gundi na mahali nilipobandika.

Kipande hakimezi mtetemo chenyewe. Bamba likipinda, kipande nacho kinanyooka na kusinyaa, kinatoa umeme, na umeme ukipita kwenye rezista unageuka joto. Basi kama kipande hakivutwi ipasavyo, hakuna cha kugeuza joto. Bamba la aina yako, kwenye mtetemo wake wa kwanza, hupinda zaidi karibu kabisa na pale lilipobanwa. Kule kwenye ncha linacheza sana kwa macho, lakini halipindi. Cha kwangu nilikibandua katikati (kikavunjika, kauri ile huvunjika kama kikombe cha chai), nikabandika kingine milimita chache kutoka kwenye kibano, kwa gundi nyembamba ya epoksi iliyokandamizwa usiku kucha. Gundi nene inajinyoosha yenyewe na kukinyima kipande kazi.

Kabla ya kugusa saketi tena, pima masafa ya bamba (linatetemeka mara ngapi kwa sekunde, yaani Hz) mara mbili: nyaya za kipande zikiwa zimegusanishwa, kisha zikiwa wazi. Kwa kusoma, nilitumia kidude cha piezo kilichotoka kwenye baza mbovu, nikakibandika pembeni na kukiunga kwenye oskiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini). Nilipata Hz 48.0 na 48.4. Tofauti inaonekana ya kipuuzi, lakini ndiyo mtaji wako wote. Chukua kipeo cha pili cha kila moja, toa, gawa kwa kile kidogo: yangu ilitoka takribani 0.017. Kwa rezista peke yake, uwiano wa kufifisha mtetemo (damping ratio) unaoongezeka hauzidi robo ya namba hiyo, yaani kama asilimia 0.4. Kwa alumini tupu hiyo si haba. Masafa mawili yakilingana kabisa, acha kununua vifaa, rudi kwenye gundi.

Sasa rezista. Kapasitansi ya kipande changu (C, uwezo wake wa kuhifadhi chaji) ilikuwa nanofaradi 60, kwa hiyo 1/(ωC), ambapo ω ni 2π mara masafa, kwa Hz 48 ni karibu kilo-omu 55, na rezista inayofaa ni ya karibu na hapo. Ya kwako ya kilo-omu 1, kama kipande chako kinakaribia hicho, ni sawa na kuzigusanisha nyaya. Ukiweka kubwa mno nayo ni sawa na kuziacha wazi. Joto linapatikana katikati.

Ukitaka zaidi ya hapo unaongeza koili ili saketi nayo iwe na masafa yaleyale, njia ambayo watafiti Hagood na von Flotow waliichambua mwaka 1991. Ila piga hesabu uone: 1/(ω²C) inanipa henri 183! Koili hiyo ungeibeba kwa toroli. Ndiyo maana watu huiiga kwa opampu (chipu za kukuza umeme). Rezista nayo hapo inashuka hadi kilo-omu 10 hivi.

Opampu zilinichezea. Nikiligonga bamba kwa ukucha, linanyamaza mara moja. Nikiligonga kwa nguvu, hola. Kipande kilikuwa kinatoa volti nyingi kuliko chanzo cha volti 15 chanya na hasi, saketi inakwama kwenye ukomo wake na koili ya bandia inakoma kuwa koili. Na ukishaiweka sawa usishangae ikipotea chumba kikipata joto, maana kapasitansi ya kauri inabadilika na joto. Weka potenshiomita (rezista ya kuzungusha), usilehemu thamani moja ukaridhika.

Pima hayo masafa mawili na kapasitansi ya kipande kikiwa tayari kimebandikwa, uyaweke hapa tupige hesabu.