Nanyonyesha, mbona nimeona siku zangu?

SWALI: Mwanangu ana miezi minne na nusu, hajaonja maziwa ya kopo. Tangu kazi ya mpunga ianze hapa Bahi, naondoka saa 12 asubuhi narudi saa 8 mchana. Bibi yake humpa maji na uji mwepesi. Wiki iliyopita nimetokwa damu siku nne. Mama mkwe anasema maziwa yameharibika, nitambemenda mtoto. Niache kunyonyesha?

JIBU: Usiache, mama. Hedhi haiharibu maziwa. Huenda yakapungua kidogo siku mbili tatu na mtoto akasumbua titini. Dawa yake ni kumnyonyesha mara nyingi zaidi.

Damu hiyo ihesabu kuwa hedhi. Ile ya uzazi kwa kawaida hukoma kufikia wiki ya sita hivi, na damu ya siku mbili mfululizo baada ya siku 56 tangu kujifungua huhesabiwa kuwa hedhi imerudi.

Chanzo kikubwa ni yale masaa manane. Mtoto anapovuta chuchu, ubongo hutoa prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, na kuzuia homoni zinazopevusha yai. Akikaa muda mrefu bila kunyonya, breki hiyo inalegea. Ndiyo maana kunyonyesha hukinga mimba pale tu hedhi haijarudi, mtoto hajafikisha miezi sita, na ananyonya tu, mchana lisipite pengo la zaidi ya masaa manne, usiku sita. Yote matatu yakitimia, katika wanawake 100 hawazidi wawili watakaoshika mimba. Wewe umebakiwa na umri wa mtoto peke yake, na huo hautoshi.

Tena yai hutangulia damu, kwa hiyo wapo wanaoshika mimba bila kuiona hedhi hata mara moja. Kalenda nayo usiitegemee: miezi ya mwanzo mzunguko unaweza kuwa siku 25, kisha 45. Nenda kliniki ya mama na mtoto. Kijiti, sindano ya miezi mitatu au kitanzi vyote vinamfaa anayenyonyesha. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni subiri hadi mtoto afikishe miezi sita, maana hupunguza maziwa. Kijiti au sindano ukianza ndani ya siku saba tangu damu ianze, huhitaji kinga ya ziada. Zikishapita, tumieni kondomu hadi mhudumu ahakikishe huna mimba.

Ukilowesha pedi nzima kila saa kwa masaa mawili mfululizo, au ukipata homa na uchafu wenye harufu mbaya, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Maji na uji viachwe hadi miezi sita. Jua la Dodoma si hoja. Maziwa yako sehemu kubwa ni maji. Mnyonyeshe kabla ya kuondoka, kisha kamua kwenye kikombe safi chenye mfuniko, kiwekwe mahali penye ubaridi, bibi amnyweshe kwa kikombe ndani ya masaa manne, na mapema zaidi siku za joto kali. Kukamua hakuamshi homoni kama kunyonya, kwa hiyo ikiwezekana mtoto aletwe shambani saa 4 asubuhi.