Kufika siku nne kabla ya Tour du Rwanda: badilisha tiketi leo

Mdogo wangu, umeuliza kama siku nne Kigali zinatosha kuzoea mwinuko kabla ya mbio hizi za baiskeli. Umesema kocha kakuhakikishia zinatosha. Hazitoshi! Na mimi niliambiwa maneno hayohayo, msimu wangu mzima ukaenda na maji.

Dar nilikuwa nimejiandaa kwelikweli. Saa kumi na moja alfajiri niko barabara ya Bagamoyo, Jumamosi napanda na kushuka Pugu mpaka miguu inatetemeka. Tukafika Kigali siku nne kabla. Siku ya pili tu, aliyekuwa anatuongoza akatupandisha vilima kwa saa nne mfululizo, eti mapafu yafunguke. Usiku sikulala. Nashtuka pumzi imekatika, koo limekauka, na kila baada ya muda niko chooni. Nikasingizia chakula.

Kumbe ndiyo kazi ya mwinuko. Kigali iko kama mita 1,500, Musanze inapita 1,800, na ziko barabara zinazovuka 2,000. Hewa ikiwa nyepesi, mwili unaanza kwa kumwaga maji ya damu ili damu iwe nzito. Ujazo unapungua, moyo unalazimika kupiga haraka zaidi. Chembe nyekundu mpya zinachukua wiki kadhaa kujengeka. Kwa hiyo ukifika siku nne kabla, unaanza mbio ukiwa ndani ya shimo, na ukijichosha siku hizo unalichimba zaidi.

Hatua ya kuelekea Musanze, yaani mbio za siku ile, sitaisahau. Mwendo ambao Bagamoyo ningekuwa napiga soga, saa ya mkononi inaonyesha mapigo 181. Nilimenya ndizi kwa meno nikashindwa kuitafuna, maana mdomo wote ulikuwa wa kuhemea. Nikaishikilia mpaka ikapondeka kwenye glavu. Migongo ya wenzangu ikaniacha mmoja mmoja. Nilimaliza nje ya muda, nikachomoa pini za namba yangu, na siku zilizobaki nikazitazama kupitia kioo cha gari la timu.

Kinachoniuma hadi leo, yule bwana aliyekuwa anatuongoza alituambia vijana wa pwani ni wavivu. Wavivu! Mtu hajawahi kuendesha hata hatua moja milimani, hajasoma, hajauliza, anakatia tiketi watoto wa watu kwa kubahatisha, halafu lawama anatubebesha sisi.

Wiki tatu. Usikubali pungufu. Wapo watakaokushauri ufike usiku wa kuamkia mbio, mwili usiwahi kushtuka. Hiyo labda kwa mbio za siku moja. Ninyi mna siku nane, shimo litawakuta njiani.

Kama hela ya kukaa Kigali hakuna, panda basi pale Mbezi uende Mbeya, karibu mita 1,700, upange chumba. Wiki ya kwanza endesha polepole hata kama miguu inakuwasha, kunywa maji sana, ulale mapema. Na kabla hujatoka Dar kapime madini ya chuma kwenye damu. Yakiwa chini, hata ukikaa huko mwezi mwili hautakuwa na cha kujengea.

Niandikie hapa tarehe ya hatua ya kwanza, tuhesabu wiki tatu kurudi nyuma. Kama tatizo ni ruhusa ya kazini, barua niliyomwandikia bosi wangu mwaka uliofuata ninayo bado, nakutumia leo usiku.