Mkataba wa matengenezo kwa wanunuzi wa mashine za kusaga: yaliyotukuta sisi

Ndugu mleta mada, umeuliza kama karakana yako ya mashine za kukoboa na kusaga nafaka ianze kuwauzia wateja mkataba wa matengenezo kwa ada ya kila mwezi, badala ya kuwakabidhi mashine na kuagana nao. Nilikuwa msimamizi wa uzalishaji katika karakana ya namna hiyo mjini Morogoro, na mabadiliko hayo tuliyafanya nikiwepo.

Ugumu mkubwa ulitoka kwenye hesabu zetu wenyewe. Zamani nyundo zilizolika (vile vyuma vinavyoponda nafaka ndani ya mashine), chekeche lililotoboka na beringi iliyokufa vilikuwa riziki yetu, kwa kuwa mteja alirudi kununua vingine. Tulipoanza kupokea ada, vitu hivyohivyo viligeuka kuwa hasara yetu. Hapo ndipo tulipogundua kwamba fundi tuliyemsifu kwa kumaliza mashine haraka alikuwa akifunga rota, yaani mhimili unaozunguka ukiwa na nyundo, bila kuisawazisha, nayo ikitikisika na kula beringi kabla ya wakati wake. Hata nyundo ilibidi tuanze kuzibadilisha kwa seti nzima, maana ukiweka moja mpya upande mmoja tu, uzito haulingani. Waingereza wa Bristol Siddeley, kampuni iliyotengeneza injini za ndege, waliingia katika hesabu za aina hii mwaka 1962, walipoanza kuwatoza wenye ndege ada kwa kila saa ambayo injini ya Viper iliruka, kwa hiyo injini iliyolala chini haikuwaingizia kitu.

Wateja nao walikuwa na hoja yao. Mashine isipoharibika kwa miezi miwili, mwenye kinu huuliza analipia nini, na kusema kweli si rahisi kumwonyesha mtu uharibifu ambao haukutokea. Tulipunguza manung'uniko kwa kumwachia daftari ambamo fundi aliandika kila alichokikagua na kusaini mbele yake, kisha tukahamishia sehemu kubwa ya ada kwenye miezi ya mavuno, wakati fedha ipo.

Lakini miezi hiyohiyo ndiyo iliyotuumbua. Wauzaji wetu, ambao kamisheni yao ilihesabiwa kwa mashine iliyouzwa tu, walikuwa wameahidi kwamba fundi atafika siku hiyohiyo, ilhali tulikuwa na mafundi watatu na pikipiki moja, na wateja wametapakaa kuanzia Kilosa hadi Kibaigwa. Mteja aliyechoka kusubiri alimwita fundi wa mtaani, akafungiwa beringi ya bei nafuu, nayo ilipokufa alitudai sisi.

Kwa hiyo ukiamua kuanza, anza na wateja ambao fundi wako anaweza kuwafikia na kurudi kwa siku moja, uandike kwenye mkataba nani anaruhusiwa kuifungua mashine, na kamisheni ya muuzaji uilipe nusu siku ya mauzo, nusu nyingine mteja anapolipia mwaka wa pili.