Kabla hujaongeza mchanga tena, soma hapa kwanza

Mkuu, umesema shamba lako ni mfinyanzi, ukamwaga mchanga ulegee, sasa likikauka linakuwa tofali. Pole, hata mimi nilishalipitia hilo, tena nililipia mchanga wenyewe na usafiri juu.

Iko hivi, kuna ukubwa wa chembe na kuna jinsi chembe zilivyoshikana, watu wanavichanganya sana. Mchanga ni chembe za milimita 2 kushuka hadi 0.05, silti (ile laini kama unga) inashuka hadi 0.002, mfinyanzi ni chini ya hapo. Huo uwiano wa chembe ndo umepewa, hutaubadilisha kwa tripu mbili tatu, maana mchanga ukiwa kidogo chembe zake hata hazigusani, mfinyanzi unajaza katikati na unapata kitu kama zege. Kinachobadilika ni mshikamano, yaani samadi, mboji, mizizi, minyoo, na kuacha kulima udongo ukiwa chapachapa. Kulima ukiwa chapachapa ndo kulinimaliza mimi.

Kujua uwiano wako chukua chupa ya kioo, udongo theluthi, maji, sabuni ya unga kidogo, tikisa mpaka mkono uchoke halafu weka chini usiiguse. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, silti inachukua masaa, mfinyanzi unaweza kukaa siku nzima na zaidi maji bado kama chai ya maziwa. Pima kila tabaka kwa rula. Ukiwa na haraka lowesha donge, lisukume kwa dole gumba litoke utepe: ukikatika kabla ya sentimita 2.5 mfinyanzi ni mdogo, ukipita 5 bila kukatika huo ni mfinyanzi wa kweli.

Ila kilichonifumbua macho mimi ni kopo. Nilikata kopo la sentimita za ujazo 400, nikaligongea ardhini taratibu, nikakausha ule udongo kabisa kwenye oveni, mizani ikasema gramu 640. Gawanya unapata gramu 1.6 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Chembe zenyewe za madini bila nafasi katikati ni kama 2.65, yaani chembe zilijaza asilimia 60 hivi, kwa hiyo nafasi ya hewa na maji ilikuwa asilimia 40 tu. Kwa udongo wa kichanga 1.6 ni kawaida, kwa mfinyanzi ukikaribia 1.5 tu mizizi inaanza kukwama. Nikachimba shimo nikaona mizizi imefika sentimita 20 ikakunja kona kwenda pembeni, kama maji yaliyokutana na ukuta. Mchanga ungesaidia nini hapo?

Kuhusu lile neno Vertisol uliloliona kwenye ramani ya udongo, hilo ni jina la kundi zima la udongo, haliangalii juu tu bali shimo lote. Kundi hilo lina mfinyanzi asilimia 30 au zaidi, unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ila ramani zinachorwa kwa maeneo makubwa, shamba lako linaweza kuwa kitu kingine kabisa. Chimba mita moja wakati wa ukavu, angalia nyufa zinashuka mpaka wapi, halafu tafuta kwenye kuta za shimo mabonge yenye nyuso zinazong'aa na mikwaruzo kama yamesuguana. Ukiyaona piga picha utupie hapa pamoja na ya chupa.