Jentamisini kwa tilapia? Weka hiyo sindano chini

Wewe wa Kavumu, sindano chini kwanza. Umeandika tilapia wako walikuwa na vidonda, ukawachoma jentamisini, ile dawa ya kuua bakteria, sasa wamevimba matumbo, na unauliza uongeze dozi kiasi gani. Usiongeze hata tone.

Mimi niliongeza. Muuza dawa za mifugo mmoja hapa Bukavu, koti jeupe halina hata doa (hapo tu ningejua hajawahi kushika samaki), akaniambia: "Papa, samaki si mtu, figo yake inaota upya. Choma tena!" Nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mtu anazaliwa na vichujio vyote vya figo atakavyowahi kuwa navyo. Samaki anaendelea kutengeneza vipya. Maabara wamewachoma samaki wa dhahabu jentamisini hiyohiyo, mirija ya figo ikafa, kisha mingine ikaota kutoka seli changa. Lakini kuota huko kunachukua majuma, tena kwa samaki aliyeachwa apumzike. Na dawa yenyewe haitoki upesi, inang'ang'ania ndani ya figo. Ukichoma tena unamwaga sumu juu ya sumu. Hayo koti jeupe hakuyasema, maana chupa ya pili ilikuwa bado haijauzwa.

Samaki wa maji baridi anaingiwa na maji usiku na mchana kupitia matamvua, na figo ndiyo inayoyakojoa. Figo ikifa, maji yanabaki tumboni. Baada ya sindano ya pili magamba ya wangu yalisimama kama manyoya ya kuku mgomvi. Nikapasua mmoja: figo, ule ukanda wa rangi ya damu ya mzee unaonata chini ya uti wa mgongo, ulikuwa umepauka, umelegea, kisu kikigusa tu unachuruzika maji. Karibu bwawa zima lilielea. Nyumbani tukarudi kula sambaza, vile vidagaa vya ziwa, na mama watoto mpaka leo ananiita dokta.

Sasa hivi ingiza maji mapya polepole, punguza chakula, toa waliokufa, kisha ngoja. Majuma, si siku. Watakaopona usiwakimbize soko la Kadutu, dawa ingali mwilini mwao.

Kama chupa ya pili hujaifungua, irudishe leo udai pesa yako.