Nani anaita, nani anaitikia: albamu nilizonunua majuzi Arusha

Kama unaishi Arusha na unapenda muziki, fuatilia wageni wa mashirika wanapomaliza mikataba. Mji wetu una watu wengi wanaokuja kwa miaka miwili mitatu, wanajaza nyumba Njiro au Sakina, halafu wiki ya mwisho wanauza kila kitu. Wanunuzi wanagombania friji na makochi, na chini ya meza kunabaki sanduku la CD ambalo hakuna anayelisogelea. Mimi friji ninayo, kwa hiyo nilienda moja kwa moja kwenye sanduku.

Kabla hujatoa hela, geuza CD pande zote mbili. Watu wengi wanakagua upande unaong'aa tu. Ule ukiwa na mikwaruzo midogo usiogope, ufute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, bila kuzungusha. Wa kuogopa ni upande wenye maandishi, kwa sababu tabaka linalobeba muziki liko chini kidogo tu ya ile rangi. Mkwaruzo ukilifikia, basi tena. Inyanyue juani, ukiona vitundu vinapitisha mwanga, irudishe. Na usihangaike kutafuta mashine maalumu, deki ya DVD iliyojaa vumbi kabatini inacheza CD bila shida. Ichomeke kwenye sabufa, ila besi ishushe. Ukiiacha mpaka mwisho, kila albamu utakayoweka itasikika kama kifodi kinachotafuta abiria.

Sasa muziki wenyewe. Marafiki huniuliza nawezaje kukaa na albamu ya lugha nisiyoijua, au jazz isiyo na maneno kabisa, nisisinzie. Njia yangu ni moja: kwanza natafuta nani anaita na nani anaitikia. Sisi tumelelewa na hilo. Kwenye ngoma, kwenye kwaya, hata watoto wakicheza uani, mmoja anaanzisha na wengine wanapokea. Ukishawapata hao wawili ndani ya albamu, umeshaingia, mengine utayajua ukiwa humo.

Nilianza na ya nyumbani. Ndani ya sanduku la mgeni nilikuta *Maasai Hip Hop* ya X Plastaz, ya mwaka 2004. Vijana wa Arusha, albamu yao ikatolewa na kampuni ya Ujerumani, halafu ikarudi Arusha kwenye begi la mtu! Wamaasai katika uimbaji wao wa asili hawatumii ngoma. Kiongozi, olaranyani, anarusha mstari, wenzake wanamjibu kwa mguno wa kooni, na mguno huo ndio mdundo. Kwenye albamu hii sauti ya Yamat Ole Meipuko inaita kwa Kimaa, na wachanaji wanapokea kwa Kiswahili. Zipo sehemu ambapo biti inaonekana kumsubiri yeye, wala si yeye kuikimbiza biti, na hizo ndizo ninazozirudia. Nyimbo ambazo hayumo nazisikiliza pia, lakini za aina hiyo tulikuwa nazo nyingi miaka ile.

Bob Marley sihitaji kumtambulisha kwa mtu wa Arusha, ila naomba usikilize *Exodus* ya 1977 kwa mpangilio wake. Wengi tunaijua kutoka kwenye flashi, na kwenye flashi nyimbo zikikaa kwa alfabeti, albamu inavunjika. Wimbo wa kwanza, "Natural Mystic", unaanza chini sana, unakuja kutoka mbali unaongezeka taratibu. Ukiukuta katikati ya orodha utadhani spika imeharibika. Upande wa kwanza wa santuri ulikuwa na nyimbo nzito na kuishia na ule uliobeba jina la albamu. Upande wa pili ulikuwa wa raha na mapenzi, ukifungwa na "One Love". Marley alikuwa amepigwa risasi nyumbani kwake Jamaika Desemba 1976, akaenda London, na sehemu kubwa ya albamu ikarekodiwa huko. Ukijua hivyo, unaelewa kwa nini anakuchukua kwanza kwenye hasira ndipo akupeleke kwenye faraja. Kwa hiyo ukinakili albamu kwenye flashi, andika 01, 02, 03 mbele ya kila jina la wimbo. Ni kazi ya dakika tano. Waitikiaji hapa ni I Threes, akina mama watatu, akiwemo mkewe Rita. Jaribu kusikiliza albamu nzima ukiwafuata wao tu na kumwacha Bob aende zake.

Remmy Ongala na Hukwe Zawose niliwanunua pamoja, maana wote wawili walitolewa na Real World, kampuni iliyoanzishwa na Peter Gabriel kule Uingereza. *Songs for the Poor Man* ni ya 1989. Kwa ladha yangu imesafishwa mno. Wimbo wa dansi nimezoea kuusikia ukiwa na vumbi kidogo, na kelele za ukumbini kwa mbali. Lakini usafi huo una faida yake: magitaa yanatengana, unalisikia moja likisema na jingine likijibu, hasa wimbo unapofika kwenye chemko, pale mdundo unapopamba moto, na Remmy ameshamaliza kuhadithia. Nakala za redio tulizokua nazo zilikuwa zinayakoroga yote pamoja.

Zawose, *Chibite* ya 1996, ni habari nyingine. Ilimba ya Kigogo, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, mkononi, zeze pembeni, na sauti inayotoka chini kabisa kifuani ikapanda mpaka mahali ambapo mwanamume wa kawaida angepasuka koo. Hapa usiwe na haraka. Ilimba inarudia duara lile lile, na mara ya kwanza utaona hakuna kinachobadilika. Kinachobadilika ni sauti juu yake. Icheze asubuhi nyumba ikiwa kimya; ukiiweka wakati watu wanapika na kupiga soga utaidhulumu.

Tukaja kwenye *Kind of Blue* ya Miles Davis, iliyorekodiwa New York mwaka 1959. Hii ndiyo watu wanaisifia mpaka mtu anaogopa kusema haielewi. Siku naicheza, mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Machame. Yeye ni mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika tangu ujana wake, na jazz hana habari nayo. Wimbo wa kwanza, "So What", unaanza kwa piano na besi kunong'onezana, kisha Paul Chambers, kwa lile besi kubwa la mbao linalosimamishwa, anapiga kistari kifupi, na wenzake wanamjibu kwa milio miwili tu. Anapiga tena, wanajibu tena. Mama akaacha kuchambua mchicha.

"Baba, huyu wa besi ndiye kiongozi?"

"Ndiye, mama."

"Na hao wengine wanamwitikia *a-mina*." Akaimba ile amina ya mwisho wa sala, ikakaa juu ya ile milio miwili sawasawa.

Nimesoma mengi kuhusu albamu hiyo na hakuna lililonifungulia kama hilo. Kwenye kwaya sauti ya nne ndiyo inayobeba wenzake kwa chini; hapa imeachiwa kuanzisha wimbo, na tarumbeta ya Miles inangoja zamu yake. Ukishaishika hiyo dakika ya kwanza, Coltrane akiingia na saksafoni yake hakupotezi tena, kwa sababu unajua amesimama juu ya nini. (Hapa ndipo utajua kama ulishusha besi ya sabufa. Chambers akivuma kama lori, hukushusha.)

Cesária Évora, *Miss Perfumado* ya 1992, sina mengi ya kusema zaidi ya kwamba inunue ukiiona. Anaimba kwa Krioli ya Kepuvede, sielewi neno, na haijalishi.

Metallica, bendi ya roki nzito ya Marekani, ile albamu yao ya 1991 yenye kava jeusi, bado iko mlangoni. Najua nani anaita na nani anajibu, magitaa yanafuatana kama askari, lakini sijapata hamu ya kuingia. Nimemwazima mpwa wangu, anasema nina masikio ya kizee.

Iliyonichosha na kunipendeza zaidi ni ya Bach, mtunzi wa zamani wa Kijerumani: mafungu sita aliyoyaandika kwa chelo peke yake, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa. Nakala yangu imepigwa na Pablo Casals, alirekodi kati ya 1936 na 1939. Huyu Casals aliyakuta maandishi ya muziki huo mwaka 1890 katika duka la vitu vilivyotumika huko Barcelona, akiwa kijana wa miaka 13. Mtu wa mitumba kama mimi lazima ampende. Rekodi ina mkwaruzo wa zamani na mwanzoni nilikuwa nauliza: mpigaji yuko mmoja, sasa nani atamwitikia? Anajiitikia mwenyewe. Anagusa uzi wa chini, anauacha, anapanda nyuzi za juu kujibu, anarudi chini kuuliza upya, na sikio lako linashikilia ile noti ya chini hata baada ya kunyamaza. Ukitaka kujaribu, anza na fungu la kwanza, dibaji yake haifiki hata dakika tatu. La tano liache kwanza, ni zito na lina giza, litakufukuza.