Mke wangu anadhani nina mwanamke, kumbe ni tamthilia

*Shangazi, shikamoo.*

*Nina miaka 43, nimeoa, nina watoto wawili. Wanaonifahamu huniita Profesa ingawa si profesa. Jina limetokana na vitabu. Nipo kwenye kikundi cha wasomaji tunaokutana kila mwezi, na mara nyingi mimi ndiye ninayeombwa kuchagua kitabu.*

*Tatizo langu huanza usiku. Mke wangu akishalala, najifunika shuka gubigubi, naweka hedifoni masikioni, natazama tamthilia. Zile ndefu, Shangazi, za mapacha waliobadilishwa hospitalini na mama mkwe anayemtilia mkwewe sumu. Nimefika sehemu ya 112. Nalia. Kwenye droo ya kazini nina riwaya za mapenzi kama thelathini, za jalada lenye mwanamume aliyefungua vifungo vya shati. Na nikiwa peke yangu garini kuna wimbo nauimba mwanzo mpaka mwisho, wimbo wa kumdhalilisha mwanamke, na mimi nina binti wa miaka 12.*

*Mwezi uliopita dada mmoja mpole wa kikundini alipendekeza tusome riwaya ya mapenzi. Nikasema sisi ni kikundi cha kusoma, si cha kufarijiana. Watu walicheka sana. Hajarudi tena. Riwaya yenyewe niliisoma mwaka jana, mara mbili.*

*Juma lililopita mke wangu alinifunua shuka ghafla. Nikazima simu. Akauliza ni nani, nikasema ni mambo ya kazi. Tangu siku hiyo anasema nami habari za watoto tu. Naona heri afikirie nina kazi nyingi kuliko aujue ukweli huu wa aibu. Nifanye nini? Nifute kila kitu?*

*Profesa wa Shuka*

Profesa, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka nikavua miwani. Ya pili nilimwona mkeo, kicheko kikakatika.

Unasema heri afikirie una kazi nyingi. Mwanangu, hafikirii hivyo. Mwanamke amefunua shuka usiku wa manane, amemkuta mumewe macho yamevimba, simu mkononi, ikazimwa upesi upesi. Unadhani alijisemea, "Maskini, kazi zimemzidi"? Anaamini una mwanamke, tena mwanamke wa kukuliza. Huyo mwanamke hayupo, lakini kila siku unayonyamaza anazidi kuota nyama. Saa hizi ameshapata jina, ameshapata sauti, na sina shaka ni mdogo kuliko mkeo kwa miaka kumi.

Kwa hiyo hili haliwezi kungoja nimalize kuandika. Ondoka hapo ulipo, nenda kamwonyeshe. Mwanzoni hatakuamini, maana ukweli wako una sura ya uongo uliotungwa vibaya. Basi mpe simu yenyewe. Programu za kutazamia tamthilia huhifadhi historia ya kila ulichotazama. Aipitie mwenyewe, mapacha, hospitali, sumu, kimoja baada ya kingine. Usimwonyeshe huku umeishika wewe. Mpe, kisha kaa mbali nayo.

Umerudi? Haya, sasa tuzungumze.

Kuna mtu wa kale nataka ukutane naye. Samuel Pepys alikuwa ofisa mkubwa katika utawala wa jeshi la majini la Uingereza, na tangu mwaka 1660 aliandika shajara kwa zaidi ya miaka tisa. Januari 1668 alikiona dukani kitabu cha Kifaransa, akafikiri mkewe angeweza kukitafsiri. Alipokichungulia akakuta ni ufuska mtupu, akaona aibu, akaondoka. Februari akarudi akakinunua. Alichukua nakala yenye jalada la kawaida, lisilo na nakshi, kwa sababu alikwishaamua kukichoma akimaliza kukisoma, kisije kikakutwa miongoni mwa vitabu vyake kikaviaibisha. Kesho yake, Jumapili, akakisoma, na usiku uleule akakitia motoni.

Halafu akayaandika yote hayo kwenye shajara! Kwa hatimkato, ndiyo, asiyeijua asingeambua kitu. Lakini shajara aliitunza, akaiweka ndani ya maktaba yake, na maktaba ikaishia mikononi mwa chuo cha Magdalene, Cambridge. Katika karne ya 19 akatokea mtu aliyekaa miaka mitatu hivi kuifumbua hatimkato ile. Leo mimi na wewe, zaidi ya miaka mia tatu baadaye, tunajua siku aliyokinunua, jalada alilochagua na usiku aliokichoma. Kitabu kiliungua vizuri kabisa. Kilichobaki ni ule wasiwasi wake.

Ndiyo maana sikuambii ufute chochote. Ukifuta leo, Jumapili utaanza upya sehemu ya kwanza, na shuka itakuwa nzito zaidi.

Ila soma tena sababu ya Pepys. Hakukichoma kwa kuogopa kitamharibu. Alikwishakisoma, kama kuharibika alikwishaharibika. Alikichoma kwa ajili ya vitabu vingine. Hiyo droo yako ya kazini nayo ni hivyo hivyo. Riwaya thelathini zimefungiwa gizani zisije zikaviaibisha vile vya kabatini, ambavyo wageni huvisoma migongo wakiwa wanasubiri kukaribishwa. Kabati hilo ni la msomaji, au ni la wageni? Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1979 kitabu kinene kuhusu jambo hili, kwamba mtu akitaja anachokipenda, na zaidi akitaja asichokipenda, mara nyingi anatangaza tabaka lake na watu asiotaka kufananishwa nao. Nadhani unakijua. Nadhani hata kipo kabatini.

Sasa mtazame mwingine. Ludwig Wittgenstein, mwanafalsafa aliyewaumiza vichwa wanafunzi wa Cambridge, alikuwa akimaliza kufundisha yuko hoi. Alikimbilia sinema, akaketi safu ya mbele kabisa ili picha imjae machoni, na filamu za Kimarekani ndizo alizozipenda. Mwanafunzi wake Norman Malcolm alimtumia kutoka Marekani magazeti ya hadithi za upelelezi, yale yaliyochapwa kwenye karatasi duni, naye akayasifu kwamba yana lishe ya akili kuliko jarida la falsafa lililoheshimiwa na wenzake. Hakujifunika shuka. Wala hakuandika nadharia ya kuyatetea. Aliyapenda, basi.

Hiyo "basi" ndiyo itakayokushinda. Nawajua watu wa vitabu. Ukitoka mafichoni utatoka na makala mkononi. Utaniambia kwamba Thomas Bodley, mwanzilishi wa maktaba kubwa ya Oxford, mwaka 1612 aliikataa michezo ya kuigiza iliyochapwa akiiona takataka. Kwamba maktaba hiyohiyo baadaye iliachana na nakala yake ya mkusanyo wa kwanza wa michezo ya Shakespeare, wa 1623, na mwaka 1906 ikalazimika kuinunua upya kwa pauni 3,000. Yote kweli. Lakini usitoke chini ya shuka ukajifiche nyuma ya Shakespeare. Kwa kila mchezo uliodharauliwa ukaja kuheshimiwa, ipo mingi iliyodharauliwa ikafa, na ilistahili kufa. Hao mapacha wako huenda wamo humo. Si kitu. Mtu anaruhusiwa kukililia kitu kibovu. Mimi nina riwaya moja ya mapenzi nimeisoma mara tisa. Mwandishi wake hajui kabisa kuandika mazungumzo, wahusika wananong'ona hata pale nyumba inapoungua, na bado nikifika ukurasa wa ile barua iliyochelewa kufika, koo linanikaba.

Na kwa nini unalia? Hukuniuliza, lakini ndilo lililonikalisha muda mrefu na barua yako. Nakisia vitabu unavyokichagulia kikundi vimejaa watu wasiosema wanachohisi. Wanatazama dirishani, sura inaisha. Kwenye tamthilia kila mtu anasema, tena anarudia, na kinanda kinalia nyuma yake kusudi asiyesikia ahisi. Mama anamtambua mwanawe aliyempoteza miaka ishirini iliyopita, anaanguka magoti, anapiga ukelele. Nani mwingine siku nzima amepiga ukelele mbele yako? Wewe umeamka Profesa, umeshinda Profesa, kazini Profesa, kwa wanao Profesa, mpaka saa ile taa inazimwa ndipo unapata mahali ambapo hakuna anayesubiri useme jambo la maana. Sioni dhambi hapo. Naona mtu amechoka. Ningependa mkeo alijue hilo kuliko hata kujua jina la tamthilia, na huenda alikwishaliona kabla yangu, kabla ya simu kuvuruga kila kitu.

Wimbo ni jambo jingine, na hapa sicheki.

Tamthilia na riwaya umeziogopea watu. Wimbo unauogopea binti yako, na umeniandikia umri wake bila mimi kuuliza. Aibu hiyo usiifukuze, ina haki ya kukaa. Najua utakavyojitetea: mdundo umeninasa, maneno siyasikii. Mdundo umekunasa kweli. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa kukutana nacho mara nyingi tu. Aliwapa maneno yasiyo na maana na picha za sura za watu wasiowajua, na vilivyojirudia zaidi ndivyo vilivyopendwa zaidi. Sasa kiitikio kinachorudi mara nane ndani ya dakika tatu, ukikisikiliza kwenda kazini na kurudi, kitaacha kukaa moyoni? Hukukichagua kama unavyochagua kitabu. Lakini maneno unayasikia, mwanangu. Umesema unauimba mwanzo mpaka mwisho.

Watu husema ukimchunguza bata humli. Wewe umeshamchunguza, ndiyo sababu umeniandikia. Basi maliza: andika maneno ya wimbo huo kwenye karatasi, uyasome kwa sauti yako ya kawaida, bila ngoma, umeketi. Mara moja tu. Ukimaliza utajua mwenyewe kama bado unautaka, au unautaka mdundo na huo mdomo wako uukalie kimya. Fanya hivyo kabla ya siku simu itakapojiunganisha yenyewe na redio ya gari, binti akiwa kiti cha nyuma. Na siku hiyo ikikuwahi, usimwambie hukujua unasema nini. Watoto wa miaka 12 wanatusikia tukiimba bafuni. Mwambie unaupenda mlio wake, maneno yake yanakuudhi, na mambo hayo mawili yanakusumbua. Atakuwa na la kusema. Wana nyimbo zao.

Amebaki yule dada.

Niliposoma barua yako niliona ajabu moja. Mistari mingi umeandika kuhusu shuka, droo na gari, mahali ambapo hujamkosea mtu. Yeye umempa mistari michache, kama vile ni habari ya kupita. Nyani haoni kundule. Ulimcheka kwa kitu ulichokisoma mara mbili, na ulimcheka ili watu wasije wakakunusa. Watu wakacheka na wewe, yeye akaenda nyumbani. Kama hatia imekuwa ikikutafuta usiku, ilikuwa ikija kwa ajili hiyo. Wewe ukadhani inauliza habari za mapacha.

Na neno ulilotumia ni kufarijiana. Ulilisema kama tusi, wewe unayelia kila usiku chini ya shuka.

Ulimwaibisha mbele ya watu, kwa hiyo kumwomba radhi pembeni hakutoshi, lakini anzia pembeni. Mpigie simu kabla ya kikao kijacho. Usimwandikie ujumbe, ujumbe utauremba. Usimwambie ulikuwa unatania, maana ataona unamdharau mara ya pili. Mwambie ile riwaya uliisoma mwaka jana, ukairudia, na sehemu gani ilikugusa. Taja sehemu yenyewe, ili ajue husemi uongo. Akikubali kurudi, kikao kijacho wewe ndiye utakayeipendekeza, kwa kinywa kilekile, na utasema mbele ya wote kwamba wazo lilikuwa lake. Wengine watashangaa. Mmoja au wawili watatazama chini, na hao, nakuhakikishia, wana droo zao.

Asipokubali kurudi, ni haki yake, usimbembeleze. Akicheka kwenye simu, mwache acheke mpaka atosheke.